Fundi wa Njiapanda na Watu wa Kaptula za Kubana

Walikuja tisa, wamevaa kaptula za kubana zilizowachora mpaka vitu ambavyo mtu mzima huvisitiri. Vifuani walikuwa na maandishi yanayofanana, na fundi, ambaye shule aliiona kwa nje tu, hakujua yanasema nini. Baadaye aliambiwa yaliandikwa: Nyayo za Babu. Akacheka kimoyomoyo. Babu mwenyewe maisha yake yote aliyamaliza juu ya baiskeli. Hizo nyayo walizifuata wapi?

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye kibaraza cha mabati pale njiapanda, lami inapokoma na barabara ya vumbi inapoanza kupanda vilima. Kibarazani mlikuwa na benchi, beseni la maji la kutafutia pancha, fremu tatu zisizo na wenyewe, na sanduku la mbao lenye spana. Watu walimwita Fundi, basi. Wapo waliomwona mtu mkali, nao hawakukosea. Mteja akileta tairi lililoliwa na jua akasema limetoboka jana, Fundi alimtazama tu mpaka mtu mwenyewe akaanza kukohoa.

Aliwaona wakija tangu kwenye kona. Mbele alikuwa mwanaume mwenye kitambi kilichobanwa na nguo kama mto uliofungwa kamba, anainua mkono na kuushusha kuwaonyesha wenzake mashimo ambayo hata kipofu angeyaona. Nyuma yao ilifuata pikapu ya mizigo yao, maana watu hawa waliendesha baiskeli lakini begi la taulo hawakuliweza.

Yule wa mbele alishuka, akavua miwani. Fundi akashika ukingo wa benchi.

Alikuwa mume wake.

Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na shingo imeongezeka mikunjo miwili, lakini ule mdomo wa kuamrisha ulikuwa uleule. Naye alimtambua, maana alimeza mate yakaonekana yakishuka. Halafu akageuza uso kwa wenzake akasema kwa sauti ya uchangamfu, "Tuna bahati! Kuna fundi hapa." Kisha kwake: "Habari ya kazi, fundi?"

Fundi. Mwanamke aliyemfulia, akamzalia, akamwogeshea baba yake mpaka dakika ya mwisho, leo anaitwa fundi kama vile wamekutana sokoni.

"Nzuri, mzee," alijibu. "Karibuni."

Kama alitaka mchezo, basi wacheze.

"Binti yangu gurudumu limepinda," alisema mume. "Spoki mbili zimekatika. Tunataka kuendelea sasa hivi."

Msichana aliyekuwa nyuma kabisa akaisukuma baiskeli yake mpaka kwenye benchi. Miaka kumi na tisa, mrefu, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kovu hilo Fundi alilijua. Lilitokana na kizingiti cha mlango wa jikoni, mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu anakimbia bila kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Fundi, na akainama haraka kutafuta spana ambayo tayari alikuwa ameishika.

*

Hapa lazima isemwe jinsi alivyofika kwenye benchi lile, maana hakuzaliwa na spana mkononi.

Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akapelekwa kijijini kwa baba mkwe, huko juu vilimani, mwendo wa kilomita kumi na mbili kutoka njiapanda. Mume alikuwa na kazi ya ofisi mjini. Alisema akipata nyumba ya kutosha atamleta mke. Nyumba ya kutosha haikupatikana mwaka wa kwanza, wala wa tano. Alikuja mara mbili kwa mwaka, akala, akalala, akaondoka na kuku.

Baba mkwe alikuwa fundi wa baiskeli. Eneo lote lile, kutoka mtoni mpaka mgodi wa kokoto, hapakuwa na gurudumu ambalo hakulishika. Wanawe watatu wa kiume hakuna hata mmoja aliyekubali kuushika hata mpini wa pampu, grisi iliwachafua. Basi mzee akamfundisha mkwewe. Alimfundisha kusawazisha rimu ya gurudumu kwa sikio, kugonga spoki moja moja na kusikiliza iliyolegea. Alimfundisha pia kitu ambacho mafundi wengine hawakukifanya: kila mahali spoki mbili zilipopishana, alizifunga kwa waya mwembamba ili gurudumu libebe gunia bila kuyumba. Mizunguko mitatu, halafu ncha ya waya inageuzwa kwa ndani.

Jirani yao alikuwa mwenye mashine ya kusaga nafaka, na mzee alimchukia jirani huyo kwa miaka thelathini. Mashine ikinguruma, ukuta ulitetemeka, benchi likatetemeka, na rimu ikacheza kwenye uma wa baiskeli isiweze kusawazishwa. Ilimbidi mzee aamke kabla ya jua ili amalize magurudumu kabla mashine haijawashwa. Hawakusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu, hata akiwa na ndala.

Mzee aliugua miaka miwili. Fundi alimlisha, alimgeuza, alimbeba mpaka uani apate jua. Wanawe walituma salamu. Alikufa siku ya pili baada ya mwenye mashine kufa, kana kwamba hata kwenye hilo alikataa kuachwa na jirani. Makaburi mawili yakachimbwa wiki moja, la jirani karibu na njia, la mzee nyuma ya nyumba. Wana wawili wakubwa hawakufika kabisa. Mume wake alifika kesho yake, mazishi yamekwisha, na gari linamsubiri limewashwa. Akaona tuta la udongo mbichi karibu na njia, akashika koleo la kufukia, akapigwa picha, akafuta macho makavu. Wakati huo mke wake alikuwa jikoni anawapikia waombolezaji. Alikuja kuhadithiwa siku tatu baadaye na mjane wa mwenye mashine, ambaye alicheka mpaka akakaa chini, na msiba wake mwenyewe haujaisha.

Lakini Fundi hakucheka, maana gari lile lilikuwa limeondoka na mtoto wake wa miaka mitatu. "Wiki mbili tu akaone mji," mume alisema. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

Huko mjini kulikuwa na mke mwingine, na hadithi mpya: kwamba mama wa mtoto alikimbia na dereva wa lori, akamwacha mzee afe peke yake. Shemeji zake wakaifunga nyumba kwa kufuli, wakisema ni ya ukoo na yeye si wa ukoo. Akatoka na sanduku la spana, ambalo mzee alimpa kwa mdomo wake mwenyewe. Hicho ndicho alichovuna kwa miaka minane ya ndoa, akashuka nacho mpaka njiapanda kuanza kazi.

*

"Kwa nini unazifunga, mama?" aliuliza msichana. Alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu, viwiko magotini, anafuatisha kila kitu kwa macho.

"Ili zishikane. Moja ikipata shida, nyingine inaibeba."

"Mbona unahesabu?"

"Tatu. Ukizungusha mara mbili, waya unalegea. Ukizungusha mara nne, unaukata. Na hapa mwisho, unaona? Ncha unaigeuza ndani. Isije ikamchoma mtu mkono."

"Nani alikufundisha?"

"Mzee mmoja. Amekufa."

Msichana akaomba ajaribu. Fundi akampa koleo dogo la kukunjia waya. Ya kwanza ilitoka ovyo, ya pili ikatulia. Alikuwa na vidole vya babu yake, virefu, visivyo na haraka. Fundi alilazimika kuinuka na kwenda kumwaga maji ya beseni yaliyokuwa bado safi.

Mume akamfuata huko pembeni. Alinukia mafuta ya kujikinga na jua.

"Naomba usilete mambo," alisema kwa sauti ya chini.

"Mambo gani, mzee? Mimi fundi tu."

"Mtoto ameshazoea. Ana maisha yake. Ukimvuruga sasa utamharibia."

"Nimvuruge na nini? Nina pampu na kiraka."

"Unanielewa."

"Hapana," alisema Fundi. "Wewe ndiye mwenye shule."

Mume angefurahi waondoke hapohapo bila kutazama nyuma. Lakini mwanamke mmoja kati yao, binamu yake mnene aliyekulia mjini, mwenye kofia ya njano, alikuwa amechoka na hakuficha. "Huyu fundi twende naye!" alipiga kelele. "Akae kwenye pikapu. Njia ya mbele ni mawe matupu, tutavunjika wote. Fundi, unaijua njia ya kule juu?"

"Naijua kidogo."

"Hakuna haja," alisema mume.

"Kwa nini hakuna haja? Spoki zangu zinalia kama panya! Kuna siri gani?"

Mume akavaa tena miwani yake. Mtu anayeishi kwa uongo mmoja hulazimika kuulinda hata mbele ya baiskeli ya binamu. Fundi akaweka sanduku lake kwenye pikapu.

*

Dereva wa pikapu alimwambia kwamba safari ilikuwa ya kumkumbuka mzee kaburini kwake. Njia nzima aliwatazama kwa nyuma. Kwenye kila kilima mume alisimama, eti kuonyesha mandhari, kumbe pumzi imemwishia. "Hapa Baba alikuwa akipita na mimi nimekaa mbele kwenye bomba la fremu," aliwaambia. Uongo. Utoto wote alikataa kupanda baiskeli ya baba yake, aliona aibu kwa sababu ilikuwa na kengele iliyopasuka. "Hapa alinifundisha kuziba pancha." Uongo mwingine, tena mnene. Wenzake walitikisa vichwa, wengine wakapiga picha jiwe. Msichana peke yake hakupiga picha. Aliendesha karibu na pikapu, na mara mbili alitazama gurudumu lake la mbele, akatabasamu kwa jinsi lilivyonyooka.

Fundi alikuwa na nafasi ya kusema. Dirisha lilikuwa wazi, msichana yuko umbali wa mkono mmoja tu. Angesema nini? Mimi ni mama yako, niliyekimbia na dereva wa lori? Angeaminiwa nani, mwanamke mwenye grisi kucha zote, au baba aliyemlipia shule? Kama angesema na asiaminiwe, asingempata tena. Basi akalishika sanduku mapajani.

Kijijini hawakukaribia hata nyumba, ambayo paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja. Mume akawaongoza moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la karibu na njia. Lilikuwa limesakafiwa kwa saruji laini, pana, limeinuliwa vizuri. Jina halikuandikwa, maana pale kila mtu anajua nani kalala wapi.

"Ndugu zangu walijitahidi," alisema mume akilipapasa saruji. Na hao ndugu zake, huko waliko, walidhani yeye ndiye aliyejitahidi. Hakuna aliyewahi kuuliza, maana kuuliza kungemaanisha kuchangia.

Fundi alishuka kwenye pikapu. Alilijua kaburi lile. Alikuwa amekula wali wa siku lilipomwagiwa saruji, kwa mwaliko wa mjane. Akaegemea mlango wa gari, akakunja mikono, akaamua kwamba hatasema neno hata moja. Kama mwanaume huyu ana ulimi, acha autumie mpaka mwisho.

Naye aliutumia. Alitoa bamba la shaba kwenye kitambaa, akamwomba binti yake alisome kwa sauti. Msichana akasoma:

"Hapa amepumzika baba yetu mpendwa, fundi wa njia zote, aliyeuguzwa na kuzikwa kwa mikono ya mwanawe."

Binamu mwenye kofia ya njano akatoa leso. Mume akapiga goti na mashine ya kutobolea, akaanza kutoboa saruji. Tundu la kwanza. Tundu la pili. Vumbi lilimwingia puani, akapiga chafya, akafuta macho ili ionekane ni machozi. Alipomaliza la tatu, mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka.

Mjane wa mwenye mashine alikuwa na miaka themanini hivi, na ndoo ya maji mkononi.

"Jamani! Mnamtoboa nini mume wangu?"

Mashine ikazimwa.

"Shikamoo, bibi," alisema mume, akivaa tabasamu. "Hili ni kaburi la baba yetu. Labda umri, bibi, unachanganya."

"Ninachanganya? Mimi nimelala na mwanaume huyu miaka thelathini na tisa, nisijue alikolala?" Akaweka ndoo chini. "Na wewe si yule wa koleo? Yule aliyekuja na gari likiwa linanguruma, akampigia picha mume wangu akaondoka? Yarabi! Umerudi kummalizia?"

Watu wa kaptula wakatazamana.

"Bibi, nilimzika baba yangu kwa mikono..."

"Mikono ipi? Hiyo laini?" Mjane akageuka, macho yakamwangukia Fundi kwenye mlango wa pikapu. "Na wewe mkwe wa watu, umekunja mikono unaangalia tu watu wanamtoboa jirani yako! Si uwaambie?"

"Mkwe wa nani?" aliuliza msichana.

Msichana akamsogelea mjane.

"Bibi, mkwe wa nani?"

"Wa huyo mzee fundi, mtoto wangu. Ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamzika. Na hapo walipomfukuza alikaa kwangu siku nne analia mtoto wake aliyechukuliwa." Akalitazama kovu lililo juu ya jicho la msichana, muda mrefu, kisha akaziba mdomo kwa ukingo wa khanga.

Msichana akamgeukia baba yake. Mume alikuwa bado amepiga goti, anatazama mashine yake ya kutobolea kama vile ndiyo itakayomsemea.

"Twende," alimwambia hatimaye. "Hawa watu hawajielewi. Nitakueleza tukifika."

"Babu yuko wapi?" msichana alimwuliza Fundi, si baba yake.

Fundi akatangulia. Walipita ubavuni mwa nyumba, penye benchi lililooza, mpaka nyuma. Pale majani yalikuwa yamefyekwa, maana yeye mwenyewe hupanda kilima na panga kila baada ya miezi michache. Hapakuwa na saruji ya kujivunia, ila kipande kidogo kichwani, na ndani ya saruji hiyo limesimamishwa gurudumu la baiskeli, nusu juu, nusu chini, limeota kutu nyekundu.

Msichana akachuchumaa. Hakulia. Akaweka kidole mahali spoki mbili zilipopishana, akauhesabu waya taratibu. Akahamia pengine, akahesabu tena. Halafu akaipapasa ncha iliyogeuziwa ndani.

"Ulikimbia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilikuja mpaka getini kwenu. Mara tatu. Mlinzi alikuwa na amri."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Mara ya mwisho ulikuwa kwenye baraza la juu. Umevaa gauni la kijani. Ulinipungia mkono, ukafikiri ni mpita njia." Fundi akang'oa jani lililoota kando ya gurudumu. "Na mimi nikakupungia. Basi."

Msichana alibaki pale na kidole kwenye waya.

Upande wa pili wa nyumba, sauti ya mjane ilikuwa imepanda. Bamba hataki hata kuliona, na matundu matatu katika saruji ya mume wake yatazibwa leo, na atakayeyaziba ni aliyeyatoboa. Mfuko wa saruji uliobaki upo stoo, maji haya hapa kwenye ndoo. Binamu mwenye kofia ya njano, ambaye leso yake ilikuwa imeshalowa bure, akamwambia mume bila huruma, "Piga goti, bwana. Umetuleta siku nne kumlilia msaga nafaka."

Fundi alichungulia kwenye kona. Na hapo alipata kitu ambacho hakuwahi kukiomba: mwanaume yule, aliyejiandikia kwenye shaba kwamba alizika kwa mikono yake, ameziingiza kucha zake kwenye saruji kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kumzibia adui wa baba yake. Hata kuichanganya hakujua. Aliweka maji mengi, ikawa uji, mjane akamwagiza aanze upya.

"Binti!" aliita alipomwona msichana akija na baiskeli. "Jiandae, tunaondoka."

Msichana akampita. Akaliteremsha sanduku la spana kwenye pikapu, akalipeleka penye benchi lililooza, akailaza baiskeli mbele yake, magurudumu juu.

"La nyuma halijafungwa," alimwambia Fundi.

"Lina spoki thelathini na mbili. Litachukua muda."

"Nimeona."

Fundi akakaa juu ya kile kipande cha benchi ambacho hakijaoza, akamkatia waya. Mashine ya kusaga ilishakufa miaka mingi, hapakuwa na kitu cha kutetemesha rimu. Msichana akashika lile koleo dogo, akaanza kuhesabu kwa sauti.